Pengwini, kijishetani na bunju: nani ana mbio zaidi?

Watu wa kompyuta nao wana Simba na Yanga yao, ndugu msomaji. Usiwaone wamekaa kimya nyuma ya vioo vyao ukadhani ni watu wa amani. Mguse mmoja kwenye mfumo endeshi anaoutumia, yaani ile programu mama inayoziendesha programu nyingine zote ndani ya mashine, halafu uone moto wake. Na ugomvi mkali kuliko wote wala si ule wa Windows na wenzake. Ni ugomvi wa ndugu wa ukoo mmoja: Linux upande huu, na FreeBSD, NetBSD na OpenBSD upande ule.

Nasema ndugu kwa sababu wote wanamtaja babu mmoja. Babu anaitwa Unix, alizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kikamchukua na kumkuza kwa namna yake, na tawi hilo likaitwa BSD. Kutoka tawi hilo, mwaka 1993 zikazaliwa FreeBSD na NetBSD, na mwaka 1995 Theo de Raadt akajitenga na NetBSD akaanzisha OpenBSD. Linux yeye si mtoto wa damu. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kerneli yake mwenyewe, yaani kiini cha mfumo, akafuata tabia za Unix bila kuchukua damu yake. Ni mtoto wa kulelewa ambaye amekuja kuwa tajiri kuliko watoto wa kuzaliwa.

Kila mmoja ana nembo yake. Linux ana pengwini. FreeBSD ana kijishetani chekundu kilichoshika uma. OpenBSD ana samaki bunju aliyejaa upepo na miiba. Na wote ni programu huria, yaani unaruhusiwa kuzichukua, kuzisoma ndani, kuzibadilisha na kumpa jirani. Nadhani wengi wetu Tanzania neno hilo tumelirithi kwa wale wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Sasa, ushabiki wa mpira una magoli. Ushabiki huu una vipimo. Mtu anachukua mashine moja, anaweka mfumo wa kwanza, anaupa kazi fulani na kushika saa. Anafuta, anaweka mfumo wa pili, kazi ile ile. Matokeo anayachora kwenye grafu, mistari miwili au mitano yenye rangi, na hapo mashabiki wanaanza kutukanana. Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi. Kozi za kompyuta nilizosoma chuoni zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini mwaka jana nililazimika kuzisoma grafu hizi kwa makini kuliko nilivyowahi kuisoma bajeti ya serikali, kwa sababu ndani yake kulikuwa na pesa yangu na kazi yangu.

Ilikuwa hivi. Gazeti moja nililoliandikia nilipotoka chuo lilibadilisha tovuti yake, na makala zetu zote za nyuma zikafutika. Nakala hakuna. Mimi nilikuwa na vipande vya gazeti kwenye bahasha, wenzangu hata bahasha hawakuwa nayo. Basi tukakubaliana watu watano, waandishi na wapiga picha, tuchangishane tununue mashine moja ya mtumba na kuweka ndani yake kila kitu: makala, picha, sauti za mahojiano. Hifadhi yetu wenyewe, ambayo hakuna bosi anayeweza kuamka asubuhi akaifuta. Yapo mahojiano mle ya wazee ambao leo wameshatangulia. Ukiyapoteza, hakuna wa kwenda kumuuliza tena.

Mashine ilinunuliwa bila ugomvi. Ugomvi ulianza siku tulipoulizana tuweke mfumo gani.

"Linux, kaka. Hapo kuna la kujadili kweli?" akasema mmoja wetu, ambaye tangu chuo alikuwa na kibandiko cha pengwini kwenye laptopu yake. Mwingine, ambaye hulipwa kutunza seva za watu usiku wakati sisi tumelala, akatikisa kichwa. "Linux ya nini, mzee? Weka FreeBSD ulale."

Kila mmoja akatoa simu na kuonyesha grafu. Kwenye grafu ya kwanza, mstari wa Linux umelala chini kabisa, maana yake inatumia muda mfupi, na mistari ya baadhi ya ndugu zake inapanda kama mlima. Kwenye grafu ya pili, FreeBSD iko juu, maana yake inamaliza kazi nyingi kwa sekunde, na Linux iko chini yake. Na wote wawili, naomba ieleweke, walikuwa na grafu za kweli, zilizopimwa na watu wanaoijua kazi. Hakuna aliyedanganya.

Hapo ndipo nikaona nifanye kazi niliyosomea. Sisi hufundishwa kuiuliza kila habari maswali yale yale: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Nikaomba zile grafu nizipeleke nyumbani, nizihoji kama ninavyomhoji mkurugenzi.

Nikaanza na lini. Ile ya Linux ilikuwa ya Oktoba 2003. Ile ya FreeBSD ilikuwa ya wakati toleo la 7.0 linatoka, yaani mwanzoni mwa mwaka 2008. Kwa maneno mengine, rafiki zangu walikuwa wanagombana mwaka jana kwa kutumia matokeo ya ligi ambazo wachezaji wake wote wameshastaafu. Kerneli zilizopimwa siku zile hakuna mtu mwenye akili timamu anayeziweka leo kwenye mashine mpya. Ningeweza kuishia hapo, nikawarudishia simu zao na kuwaambia wote mmekosea. Lakini nilivyoendelea kuuliza nikakuta nyuma ya kila grafu kuna habari tamu kuliko grafu yenyewe.

Ile ya 2003 ilipimwa na Mjerumani anayeitwa Felix von Leitner. Alitaka kujua jambo moja: mfumo ukiongezewa mzigo, unachoka namna gani? Fikiria mama ntilie. Kuwahudumia wateja watatu haraka si ajabu. Swali ni siku wakija mia tatu, je, kila mteja atasubiri muda ule ule, au mambo yataharibika? Basi yeye akapima kazi ndogo ndogo ambazo seva ya tovuti huzifanya kila dakika: kufungua soketi, yaani mlango wa mawasiliano, kuzaa mchakato mpya, kuipa programu sehemu ya RAM. Akafungua soketi moja, kumi, elfu moja, maelfu, na kila mara akatazama ile ya mwisho imechukua muda gani.

Hapo utofauti ukaonekana. Kuna mwenye duka akitaka kujua unadaiwa shilingi ngapi anafungua daftari ukurasa wa kwanza, anasoma jina moja moja hadi akufikie. Wadaiwa wakiwa kumi hakuna shida. Wakiwa elfu tano utasimama pale kaunta hadi jua lizame. Na kuna mwenye duka aliyepanga daftari kwa herufi, anafungua moja kwa moja kwenye jina lako. Mifumo mingine mwaka ule, kwenye baadhi ya kazi, ilikuwa bado inasoma ukurasa kwa ukurasa. Linux 2.6, ambayo ilikuwa haijatoka rasmi, ilikuwa imeshapanga daftari lake karibu kila mahali. Ikashinda. FreeBSD ilijitahidi. NetBSD 1.6.1 ilionyesha udhaifu wa wazi. OpenBSD 3.4 ikafanya vibaya zaidi, na mpimaji hakuwa mtu wa kuficha maoni yake, aliiponda kwa maneno makali na mashabiki wake wakawaka.

Sasa sikiliza sehemu ambayo rafiki yangu wa pengwini hakuwa nayo kwenye simu yake. Watu wa NetBSD waliziona zile grafu. Hawakuandika waraka wa kulalamika. Walifungua kerneli yao, wakatafuta ni wapi hasa inasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, wakaandika upya sehemu hizo, na ndani ya wiki chache von Leitner akapima tena toleo lao lililokuwa jikoni. Mistari iliyokuwa inapanda mlima ikawa imelala. Mpimaji mwenyewe, aliyekuwa ametoka kuwakosoa, akaandika kuwasifu. Jamani, mimi nimekaa kwenye mikutano mingi ya waandishi wa habari. Nimeona idara zikionyeshwa ripoti ya mkaguzi na majibu yakawa ni kumuuliza mkaguzi ametumwa na nani. Hawa jamaa wa NetBSD walionyeshwa ripoti ya mkaguzi wakaenda kurekebisha hesabu.

Hata Linux yenyewe ilipitia shule hiyo hiyo, tena kwa maumivu. Aprili 1999 kampuni ya Mindcraft ilitoa vipimo vya kulinganisha Red Hat Linux na Windows NT, ambayo si ya ukoo wa Unix lakini ndiyo iliyokuwa mshindani mkubwa wa seva siku zile. Mashine ilikuwa na prosesa nne na kadi nne za mtandao. Matokeo: NT ilikuwa na kasi mara 2.5 kwenye kugawa mafaili, na mara 3.7 kwenye kutoa kurasa za tovuti. Na aliyelipia vipimo? Microsoft, mwenye NT.

Unaweza kufikiria kelele zilizopigwa. Swali la nani, yaani nani kalipa, lilijibiwa kwa hasira na kila shabiki wa Linux mwenye kibodi. Walidai Linux haikuandaliwa vizuri wakati NT iliandaliwa na wataalamu, na katika hilo walikuwa na hoja. Juni mwaka ule vipimo vikarudiwa kwenye maabara za jarida la PC Week, safari hii watu wa Linux wakiwapo kuiandaa mashine yao wenyewe. Pengo likapungua, lakini NT ikashinda tena.

Hapa mimi kama mwandishi nilijifunza kitu. Kujua nani kalipa kunakupa sababu ya kuchunguza, lakini hakukupi ruhusa ya kuyatupa matokeo kabla hujayachunguza. Waliochunguza waligundua kwamba sehemu ya Linux inayoshughulikia mtandao ilikuwa haiwezi kugawana kazi vizuri kati ya prosesa nyingi. Ni kama ofisi yenye makarani wanne na muhuri mmoja: watatu wanamsubiri mwenzao amalize kugonga. Kazi ya kuondoa tatizo hilo ikaingia kwenye Linux 2.4 iliyotoka Januari 2001. Na kabla ya hapo, mwaka 2000, Ingo Molnar wa Red Hat alikuwa ameshaandika seva ya tovuti iitwayo TUX, iliyofanya vizuri mno katika kipimo cha SPECweb99 kwa kulinganisha na seva ya Microsoft. Aliyelipia kipimo ili amuaibishe mpinzani ndiye aliyemwonyesha pa kupiga nyundo.

Tuje kwenye grafu ya kijishetani. Hii nayo ina historia ya muhuri, tena mrefu zaidi. FreeBSD ilipoanza kuendesha mashine zenye prosesa zaidi ya moja, kerneli yake yote ililindwa na kufuli moja kubwa. Wenyewe waliliita Giant, yaani Jitu. Prosesa moja ikiingia ndani ya kerneli inafunga, wengine wanasubiri nje. Ni salama, lakini una prosesa nne na unafaidi moja na kitu. Mwaka 2000 ukaanza mradi wa kulivunja Jitu kuwa makufuli madogo madogo, kila chumba na lake. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko walivyotegemea. Toleo la 5.0 lililotoka Januari 2003 halikuwapendeza watu wengi waliozoea wepesi wa toleo la 4. Walipishana hata kuhusu njia ya kufuata, na mwaka huo huo Matthew Dillon akachukua toleo la 4 akaondoka nalo kuanzisha mfumo wake, DragonFly BSD.

Waliobaki wakaendelea kuvunja Jitu chumba kwa chumba, na vipimo ndivyo vilivyokuwa tochi yao. Wanapima kwa kutumia hifadhidata, wanaona prosesa zimepanga foleni wapi, wanavunja kufuli la pale, wanapima tena. Februari 2008 wakatoka na FreeBSD 7.0, na tangazo lake lilikuwa na tarakimu za kutamba: katika baadhi ya vipimo, hadi asilimia 350 juu ya FreeBSD 6 kwenye mzigo wa kawaida, hadi asilimia 1500 kwenye mzigo mkubwa, na asilimia 15 juu ya kerneli bora ya Linux ya wakati ule, 2.6.22 au 2.6.24.

Zisome tena tarakimu hizo kwa jicho la habari. Kichwa cha habari ambacho mhariri angekitaka ni hiyo 15: FreeBSD yaibwaga Linux. Rafiki yangu naye aliitaka hiyo hiyo. Lakini iliyo kubwa ni 1500, ambayo ni FreeBSD dhidi ya jana yake. Miaka kama minane ya kazi ya kuvunja kufuli, ya kugombana na kupoteza wenzao, iko ndani ya tarakimu ile. Ya asilimia 15 ilikuwa ya msimu mmoja. Linux nayo haikulala.

Linalofuata ni vipi, na hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Mfumo mmoja una vitufe vingi. FreeBSD 7.0 ilikuja na wapanga zamu wawili wa prosesa. Yule mpya na mwenye mbio, ULE, hakuwa chaguo la msingi hadi toleo la 7.1. Kwa hiyo wewe na mimi tungeweza kupima "FreeBSD 7.0" ile ile na kupata majibu mawili, wote tukiwa wakweli. Upande wa Linux, kwa miaka mingi mfumo wake wa mafaili wa ext3 ulikuja ukiwa umezimwa kinga fulani inayohakikisha kwamba data imeandikwa kwenye diski kwa mpangilio salama. Ilikuja kuwashwa kama chaguo la msingi kwenye kerneli 3.1, mwaka 2011. Ikiwa imezimwa, kipimo cha hifadhidata kinapaa. Umeme ukikatika vibaya, unaweza kugundua kwa nini kilipaa. Sihitaji kukueleza habari za umeme kukatika, ndugu msomaji.

Na baada ya Januari 2018, udhaifu wa Meltdown na Spectre ulipotangazwa, kila mfumo ulilazimika kuweka viraka vinavyopunguza kasi ya prosesa ili siri za programu moja zisisomwe na nyingine. Tangu mwaka 2019 Linux ina neno moja la kuandika wakati wa kuwasha mashine, na viraka vyote hivyo vinazimwa kwa mpigo. Kwa hiyo ukiona grafu mpya inameremeta, uliza kwanza: kinga ziliwashwa au zilizimwa?

Hapa sina budi kumtetea bunju. OpenBSD huwa inaburuta mkia katika vipimo vingi vya namna hii, na mashabiki wa wengine hufurahi sana. Lakini nenda kwenye swali la kwa nini. Waliojenga OpenBSD walichagua usalama kabla ya mbio. Juni 2018, wakati wengine wanahesabu ni asilimia ngapi ya kasi watapoteza, wao walizima kwa chaguo la msingi uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha nyuzi mbili kwenye kiini kimoja, kwa sababu waliona nyuzi mbili zinazochangia chumba zinaweza kuchunguliana. Hakuna grafu ya kasi itakayokupa alama kwa uamuzi kama huo. Na hao hao wa mwisho darasani ndio waliotupa OpenSSH mwaka 1999, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa siri ambayo leo inatumiwa na Linux, na FreeBSD, na karibu kila anayetunza mashine ya mbali. Yaani wapimaji wengi huingia kwenye mashine wanayoipima kwa kutumia kazi ya yule wanayemcheka.

Sisi waandishi tunapenda orodha ya kumi bora, nakubali. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, kwenye chumba chetu cha habari tulinung'unika siku nzima, kwa sababu habari rahisi kuliko zote ilikuwa imetoweka. Ilibidi tuanze kuuliza shule fulani ina walimu wangapi wa fizikia. Kazi ngumu, lakini ndiyo habari yenyewe. Na vipimo hivi ni hivyo hivyo.

Maana hata ukiangalia wakubwa leo, hawakubaliani. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya Top500 ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Zote, bila hata moja ya kusingiziwa. Ukitaka kubisha kuhusu Linux na mashine kubwa, anza na hilo. Lakini filamu unayoitazama Netflix inasukumwa kutoka kwenye seva za FreeBSD, na mwaka 2021 wahandisi wao walieleza jinsi walivyofikia gigabiti zinazokaribia 400 kwa sekunde kutoka kwenye seva moja. Hao wote wawili ni watu wenye pesa ya kupima kila kitu mara mia. Walipima kazi zao wenyewe, wakapata majibu tofauti, kwa sababu kuhesabu hali ya hewa si sawa na kumwaga filamu.

Ndipo likabaki wapi: hii mashine yetu ya mtumba itakaa wapi na kufanya nini? Nikawaomba wenzangu tuache grafu za watu, tupime kazi yetu. Tulichukua mafaili yetu wenyewe. Tukaingiza makala na picha zote kwa mpigo, tukatafuta neno moja ndani ya makala zote, tukajifanya wasomaji ishirini wanaosoma kwa wakati mmoja. Kila kazi mara tano, na ile mara ya kwanza tukaitupa, kwa sababu mara ya kwanza mashine inasoma diski na mara ya pili inasoma kile ilichokwisha kukiweka kwenye RAM. Siku moja Linux, siku nyingine FreeBSD, matoleo mapya ya yote mawili.

Kilichotokea kilitushangaza wote. Mzunguko wa nne ulikuwa wa polepole kuliko wa pili, kwenye mfumo ule ule, siku ile ile. Tukakaa tunaangaliana. Kumbe ni saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, chumba hakina kiyoyozi, na prosesa ikipata joto inapunguza mwendo ili isiungue. Tukasogeza feni ya mezani ikaipulizia mashine, na feni ile ikaleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha mfumo. Kati ya pengwini na kijishetani tulishindwa kusema kwa uhakika nani katangulia, kwani pengo lao lilimezwa na pengo la asubuhi na mchana. Na tulipojaribu kuifungua hifadhi kutoka nje, intaneti ya nyumbani ikabana kabla ya prosesa kuanza hata kutoka jasho.

Kwa hiyo kwa kazi yetu kasi ikatoka kwenye orodha ya hoja. Yakabaki maswali mawili ambayo hayachorwi kwenye grafu hizo. La kwanza: faili likiharibika polepole ndani ya diski, kama yanavyoharibika kwenye diski za zamani, tutajua? Hapo tukataka ZFS, mfumo wa mafaili uliotoka kwa Sun Microsystems mwaka 2005, ambao kila kipande cha data unakiwekea alama ya uhakiki na kukwambia kikibadilika. Alama hizo zinaila prosesa kidogo. Kwenye mashindano ya mbio hilo ni kasoro, kwenye sauti ya mzee aliyefariki ndicho unachokilipia. ZFS inapatikana pande zote mbili, ila kwenye FreeBSD inakuja ndani ya mfumo wenyewe.

La pili: mashine ikizima saa sita usiku, nani anaamka? Hapo chumba kizima kikamtazama jamaa wa kijishetani. Yeye ndiye anayeishi karibu na ilipo, na FreeBSD anaijua kama kiganja chake. Basi ikawekwa FreeBSD, kwa kura tatu kwa mbili. Rafiki yangu wa pengwini hakufurahi. Lakini nakala ya pili ya kila kitu, ile itakayotuokoa nyumba ya kwanza ikiingia maji, iko kwake, kwenye Linux, mtaa mwingine kabisa. Kila usiku mifumo miwili mahasimu inatumiana mafaili yetu kupitia OpenSSH ya bunju.

Bado wanabishana. Juzi tu jamaa wa pengwini kanitumia grafu mpya, saa tano usiku, bila salamu. Nikamjibu kwa maswali: imepimwa lini, kwenye mashine gani, kinga zimewashwa, kazi gani, nani kapima, na aliyeshindwa amesema nini? Hilo la mwisho nimeliongeza mimi baada ya kusoma habari za NetBSD. Hajajibu hadi sasa, ila najua anatafuta, kwa sababu saa saba usiku nilimwona bado yuko hewani.

Na wewe je, mashine yako uliichagulia mfumo kwa kupima kazi yako, au kwa kumsikiliza mwenye kelele zaidi pale ofisini?